Kisanduku Kimoja, Mafundi Wanne

Jumanne, tarehe kumi na nne Aprili. Mvua ilianza kabla watu hawajaamka, nyembamba, isiyo na haraka, na ilipofika saa mbili asubuhi ilikuwa imelowesha kila kitu. Mlangoni mwa jengo la ghorofa sita watu walibanana wakisubiri lifti. Lifti zilikuwa mbili, lakini moja ilikuwa imebandikwa karatasi ya "Inatengenezwa" tangu mwaka uliopita.

Katikati ya msongamano huo alisimama mwanamke wa miaka thelathini na tisa. Alivaa gauni la kijivu lililokatwa kwa ustadi hata likaficha mabega yaliyochoka, na shingoni alikuwa amesahau utepe wa kupimia. Mikononi alibeba makoti meupe kumi na mawili, furushi zima limezungushiwa nailoni. Jengo zima lilimwita Fundi.

Nyuma yake alikuwepo mwanamume mrefu, shati la bluu lenye nembo ya ghala kifuani. Alikuwa amejikunja, mikono yote miwili tumboni.

"Kaka, unaumwa tumbo?" Fundi aliuliza.

"Hapana, dada. Ni kompyuta. Ikilowa hii, nimekwisha."

"Kwa hiyo unaipa joto la kwapa?"

Watu wawili watatu wakacheka. Yeye akacheka pia, kwa aibu. Fundi alichomoa nailoni ya juu ya furushi lake akampa.

"Chukua. Makoti yangu yamevaa nguo mbili."

"Na yakilowa?"

"Nitayapiga pasi. Hiyo yako utaipiga pasi?"

Lifti ilichelewa kama kawaida yake, nao wakaongea. Fundi alimwonyesha daftari la vipimo lililoingia maji: wino umetawanyika, kiuno cha mtu kimemwagikia kwenye shingo ya mwingine. Mwanamume akalitazama kwa huzuni ya kweli, kama mtu aliyeonyeshwa kidonda.

"Naweza kukutengenezea programu ya kuweka vipimo," alisema.

"Wewe ni mtaalamu?"

"Mimi ni mtunza ghala. Nina miaka arobaini na minne. Jioni nasoma darasani na vijana wanaoniamkia."

"Umechelewa, baba."

"Nimechelewa, ndiyo. Lakini nimefika."

Fundi alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Lifti ilipofunguka ghorofa ya nne alishuka, kisha akageuka na kushika mlango kwa mguu. "Mlango wa tatu kushoto," alisema. "Ukija, njoo mchana. Jioni huwa nimekwisha."

Mwanamume alikwenda. Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye vyerehani vitatu, meza moja kubwa ya kukatia, na harufu ya mvuke wa pasi. Mwenye karakana alikuwa Shangazi, dada wa marehemu baba yake Fundi, mwanamke mnene aliyeongea huku pini ziko mdomoni. Alikuwepo Dada Pindo, mshonaji kijana mwenye maneno mengi, na Mzee wa Pasi, aliyesema neno moja kwa saa. Siku ile ya kwanza Dada Pindo alimpa mgeni jina, "Mwanafunzi," na likamganda.

Mapenzi yao hayakuja kwa kishindo. Yalikuja kama watu wawili wanaokutana kwenye benchi, kila mmoja amekuja kupumzisha miguu. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi simu ya Fundi iliita.

"Umeamka?"

"Mwili umeamka. Mimi bado."

"Miguu je?"

"Ipo. Imevimba, lakini ipo."

"Pole, mpenzi."

"Na wewe? Jana ulisinzia tena darasani?"

"Kidogo tu. Mwalimu aliniuliza swali, nikamjibu 'Amina'."

Fundi alicheka hadi akakohoa. Kisha, kila mmoja chumbani kwake, simu sikioni, wakasali sala fupi ya watu wenye kazi nyingi: Mungu atupe nguvu za leo, za kesho tutaziomba kesho.

Programu ilikuwa tayari mwezi wa tano. Kila fundi aliifungua kwenye simu yake. Unachagua mteja, vipimo vyake vinatokea, unaandika oda, unabonyeza "Hifadhi". Orodha yote ilionekana kwenye kioo cha kompyuta kilichokuwa juu ya meza ya kukatia, na kila asubuhi Fundi ndiye aliyeifungua, kwa kuwa ndiye mkataji.

Mwanafunzi aliijaribu mara hamsini kabla ya kuileta. Aliijaribu chumbani kwake, penye kiti kimoja na kikombe kimoja. Alijifanya mteja, halafu akajifanya fundi. Yule mteja aliyechaguliwa alimweka kwenye kisanduku alichokiita "mteja wa sasa", na kisanduku hicho akakiweka kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayohudumia simu zote. Kilikuwa kimoja tu, na simu zote zilikichungulia. Jina la somo hilo ni upeo: kisanduku kionekane na nani, na kiishi mpaka lini. Mwalimu alilifundisha jioni ile ya "Amina".

Kwa mtu mmoja programu ilifanya kazi bila kosa. Na chumbani kwa Mwanafunzi hapakuwa na mtu wa pili wa kubonyeza chochote.

Karakanani kosa lilijificha, kwa sababu mara nyingi mafundi walipokezana. Mara mojamoja mkono wa shati ulitoka mrefu, au suruali ikagoma kufungwa. Dada Pindo alisemwa, akakana, akasemwa zaidi. Tena ikifika saa sita mchana programu ilizidi kuwa nzito, kisha ikasimama kabisa. Mafundi walikaa mikono magotini hadi Mwanafunzi, kutoka ghalani, aizime na kuiwasha upya.

"Mtoto wako amelala tena," Fundi alimwambia kwa simu.

"Sijui anachoka na nini."

"Amerithi kwa baba yake."

"Na mama yake je?"

"Nani mama yake? Usinibebeshe."

Lakini aliposema hivyo sauti yake ililainika, na Mwanafunzi, amesimama kati ya maboksi, akajua kwamba anataka kuoa.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba alikuja wakati wa mapumziko ya mchana. Fundi alikuwa ametoka kupeleka sare. Mwanafunzi alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi, lina mikunjo miwili kila mkono.

"Shangazi, nimekuja kuomba."

"Kama ni chai, birika lile pale."

"Ni Fundi."

Shangazi alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake.

"Mwanangu, yule amechoka. Alichumbiwa akiwa na miaka ishirini na saba. Akasubiri miaka sita. Yule mtu akaoa kwingine bila hata kumwambia, yeye aliona picha tu kwenye simu ya jirani. Hakulia. Alikuja kazini, akakata nguo siku nzima. Mara ya pili hataiweza. Unanielewa?"

"Nimekuelewa, Shangazi. Mimi siendi popote."

"Basi mwambie."

"Nataka aione mwenyewe kesho asubuhi, akifungua orodha. Oda ya gauni la harusi, kwa jina lake."

"Wewe huna mdomo?"

"Ninao. Lakini nikimwona unakauka."

Shangazi aliguna, akafungua kabati, akatoa kitambaa cheupe alichokihifadhi miaka kumi na miwili. Kisha akampa simu yake. Mwanafunzi alichagua jina la Fundi. Akaandika taratibu: gauni la harusi, anayeagiza ni Mwanafunzi.

Wakati huohuo, upande wa pili wa chumba, Dada Pindo alikuwa akimpima muuguzi wa zahanati ya jirani, mwanamke mwembamba mwenye haraka. Alichagua jina la muuguzi kwenye simu yake. Na kisanduku kilikuwa kimoja. Fundi akatoka, muuguzi akaingia.

Mwanafunzi akabonyeza "Hifadhi". Halafu, kwa kuwa ni binadamu na anapenda, akafungua tena ukurasa wenye jina la Fundi, alitazame tu. Muuguzi akatoka kisandukuni, Fundi akarudi. Sekunde mbili baadaye Dada Pindo akahifadhi koti la muuguzi.

Ijumaa Fundi aliwahi kuliko siku zote, akafika wa kwanza kabla ya saa kumi na mbili. Alivua viatu, akasugua kisigino, akawasha kioo. Makoti ya zahanati yaliandikwa kwa namba tu, hakuyajali. Macho yalikwenda kwenye mstari mmoja: Gauni la harusi. Anayeagiza: Mwanafunzi. Chini yake, jina la muuguzi. Kiuno sitini na nane.

Alisoma mara tatu. Simu iliita saa kumi na mbili, kama kawaida. Aliitazama ikiita hadi ikanyamaza. Hakuwa na hasira. Hasira inataka nguvu. Aliona tu kwamba safari hii walau ameletewa kazi yenyewe, si picha.

Kitambaa cheupe kilikuwa kimekunjwa mezani. Akakitandaza, akachora kwa chaki, akakata. Mkasi ulikwenda moja kwa moja bila kutetereka. Alipomaliza alivikunja vipande, akavirudisha kabatini, akaandika ujumbe: "Nimeiona oda yako. Usinipigie tena."

Mwanafunzi aliusoma ghalani, mgongo ukiwa umeegemea maboksi. Aliusoma kama mtu aliyeomba na kukataliwa. Hakuuliza kwa nini. Kwa umri wake alishazoea kuambiwa amechelewa. Alisema, "Mapenzi yako yatimizwe," lakini alisema kwa midomo tu, na Mungu anajua tofauti.

Siku nane zilipita. Shangazi alimwona Fundi amenuna, na kitambaa kimerudi kabatini, akadhani amemkataa yule mtu, akasema moyoni kwamba ya wawili yaachie wawili. Ijumaa ileile saa sita programu ilisimama, na hapakuwa na wa kuiamsha. Walirudi kwenye daftari lililoingia maji. Hakuna aliyefanya mzaha, hata Dada Pindo.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, asubuhi, muuguzi alikuja kujaribu koti lake. Akalivaa, na mikono yake ikapotea ndani.

"Hili ni koti au hema?"

"Jamani, mimi nilikupima mwenyewe!" Dada Pindo alilia. "Kiuno sitini na nane! Niliandika!"

"Uliandika themanini na nne," Shangazi alisema, akisoma karatasi iliyobandikwa kwenye koti. "Kila siku wewe!"

Fundi aliinua kichwa. Themanini na nne aliijua. Alikwenda taratibu, akalipokea koti, akalivaa juu ya gauni lake. Lilimkaa mabegani, kifuani, kiunoni, kana kwamba amepimwa amesimama.

Mzee wa Pasi aliweka pasi chini. "Hilo ni lako," alisema, na hilo lilikuwa neno lake la saa ile.

"Dada," Fundi alimwambia muuguzi, "samahani kwa swali. Wewe uliagiza gauni la harusi?"

"Mimi? Nina mume na watoto watatu! Gauni langu la harusi lilishakuwa pazia."

"Gauni gani la harusi?" Shangazi akadakia. "Si lile la kwako? Mwanafunzi aliliagiza mbele yangu, kwenye simu yangu, kwa jina lako. Nikajua umemkataa."

Fundi alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. "Nimelikata, Shangazi," alisema. "Nimelikata kwa kiuno cha mtu mwingine."

Kisha akachukua simu.

"Haloo," sauti ya upande wa pili ilisema, nzito.

"Mwanafunzi."

"Uliniambia nisikupigie."

"Ndiyo maana nimepiga mimi. Lile gauni lilikuwa la nani?"

"La nani tena? Jina si uliliona?"

"Niliona jina la muuguzi."

Boksi lilisikika likiwekwa chini.

"Haiwezekani," alisema. "Fundi, naapa niliandika lako. Nilitazama mara mbili."

"Nakuamini. Shangazi alikuona. Ni programu iliyobadilisha."

"Programu niliijaribu mara hamsini!"

"Uliijaribu na nani?"

Mwanafunzi akakaa juu ya boksi.

"Hapa tuko wanne, baba," Fundi alisema, polepole. "Chukua kompyuta yako, uje."

Alifika saa saba, na shati la ghala, amekonda kidogo. Hawakukumbatiana. Aliiwasha programu upya. Fundi alimpa simu ya Shangazi, yeye akashika ya Dada Pindo. "Chagua jina langu," alisema. "Haya. Sasa mimi nachagua la muuguzi. Sasa wewe hifadhi." Wakatazama kioo. Oda ya Mwanafunzi ilitokea, na chini yake jina la muuguzi.

"Ndiyo mikono ya mashati ile!" Dada Pindo alipiga kelele. "Nilisema! Nilisema mimi! Niombeni radhi, wote, mmoja mmoja!"

Mwanafunzi alikuwa ameshika kichwa. "Niliweka kisanduku kimoja cha watu wote," alisema. "Sikuwahi kufikiri watu wawili kwa wakati mmoja. Mimi nyumbani ni mmoja."

Fundi aliyasikia maneno hayo, yakamuuma kuliko mstari ule wa kwenye kioo. Akavuta kiti karibu yake.

"Tazama tunavyofanya sisi," alisema. "Mstari wa kukatia nauchora kwa chaki. Nikishakata naupangusa, hauna kazi tena. Vipimo vya mteja naviandika kwenye karatasi na kuibana kwa pini kwenye kitambaa chake. Chake, si cha jirani. Karatasi inakaa hapo hadi achukue nguo. Na ile chati ya ukutani, ya saizi za kawaida, hiyo ndiyo ya wote, na hakuna anayeiandika juu. Wewe umechukua karatasi ya mteja ukaibandika ukutani."

Mwanafunzi alitazama ukuta, akatazama meza, akatazama pini. "Darasa zima," alisema. "Darasa zima la jioni nzima, na lilikuwa hapa mezani."

"Siku hiyo ulikuwa unasema Amina."

Alicheka, mara ya kwanza baada ya siku nane. Kisha akauliza, "Na karatasi ya mteja akishachukua nguo yake, mnaipeleka wapi?"

"Tunachomoa pini, tunaitupa. Daftari si lipo kabatini? Tusipotupa, meza ingejaa, tungekatia sakafuni."

"Mimi sijachomoa pini hata moja," alisema taratibu. "Kila mteja aliyewahi kufunguliwa, bado nimemshikilia kwenye kumbukumbu ya seva. Nilikuwa naogopa kupoteza. Mashine ina mfagizi wake, lakini hafagii kitu kilichoshikwa. Ndiyo maana ikifika saa sita inalala."

"Basi achilia," Fundi alisema. "Chumba kipumue."

Alifanya kazi hapohapo, kwenye kona ya meza, saa tatu nzima. Alimpa kila fundi kisanduku chake. Vya hesabu ndogondogo aliviweka viishe mara hesabu inapoisha. Alichomoa pini zake zote. Fundi aliketi upande wa pili akifumua koti la muuguzi, ili lipunguzwe. Mara moja Fundi alimsogezea maji. Mara moja Mwanafunzi akamtoa uzi begani. Saa kumi na moja wote wanne walibonyeza pamoja, mara kumi, na kila jina likakaa kwa mwenyewe.

"Na kile kitambaa?" Mwanafunzi aliuliza.

Shangazi alikileta, vipande vyeupe, vyembamba. Alivigeuza, akavipima kwa macho. "Nitaongeza ubavuni," alisema. "Mshono utaonekana. Hilo siwezi kulificha."

"Uonekane," Fundi alisema.

Mwanafunzi akasimama. Alikuwa na vumbi la chaki kwenye suruali, na mdomo wake ulikuwa umekauka kweli, lakini aliufungua. "Fundi, nilitaka mashine iniombee kitu ambacho mtu huomba mwenyewe. Nisamehe. Na ujumbe wako ulipokuja nilikunja mikono, sikuuliza hata neno. Nisamehe na hilo. Nakupenda. Nataka kukuoa. Nasema mbele ya Shangazi, na mbele ya hawa."

Mvuke ulitoka kwenye pasi, ukaisha. Dada Pindo aliziba mdomo kwa mikono miwili, jambo ambalo halikuwahi kuonekana.

Fundi alisimama pia, taratibu, mkono mmoja mezani, kwa sababu miguu ilikuwa imevimba na siku ilikuwa ndefu. Alimtazama Shangazi, Dada Pindo, na Mzee wa Pasi, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayehakikisha kwamba wote wanasikia.

"Nimekubali," alisema. "Tena sikilizeni, niwe na mashahidi. Mimi niliona jina moja kwenye kioo, nikamhukumu mtu bila kumuuliza. Mbele ya Mungu na mbele yenu naahidi: nitakuwa mke wake, na siku nikiona jambo la kuniumiza, nitamuuliza yeye kwanza kabla sijashika mkasi, hata nikiwa nimechoka."